Visima vya Orahey na Malisho Yasiyohitaji Udongo

Visima vya Orahey, mjini Wajir, vilichimbwa kwa mikono katika mwamba wa chokaa. Maji yake, yaliyo karibu na uso wa ardhi, yamenywesha ngamia, ng'ombe na mbuzi kwa vizazi vingi katika nchi hii kame.

Maji kidogo ya visima kama hivi hutosha pia kuotesha malisho bila udongo, kwa njia ya haidroponiki. Mbegu za shayiri hulowekwa, hutandazwa kwenye trei kivulini na kunyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku. Baada ya siku 7 au 8 mifugo hulishwa mmea mzima, mizizi kwa majani. Maji yenye chumvi nyingi hudumaza miche, hivyo hupimwa kwanza.

Maji ya visima hivi, kwa kuwa yako karibu na uso wa ardhi, huchafuka upesi. Tafadhali usitupe taka visimani.