Kiko cha Koko na Kiko cha Namasole

Mwaka jana mama alifinyanga kiko katika uwanja wetu hapa Nsambya. Vijana wa jirani wakacheka: "Mwanamke kuvuta kiko? Aibu!" Mama hakujibu. Mimi ndiyo nikaenda kutafuta jibu, na nikalipata hapahapa Kampala.

Tumbaku si mmea wa Afrika. Ilitoka Amerika, ikaletwa kwenye pwani zetu na mabaharia, hasa Wareno, baada ya mwaka 1500. Kutoka pwani iliingia bara mkono kwa mkono, kupitia wachuuzi na majirani. Sikiliza majina yake: sisi wa Kivu tunasema tumbako, Wanyarwanda na Warundi itabi, Waganda taaba. Kiko chenyewe Waganda wanakiita emmindi.

Speke, Mwingereza, alipofika Buganda mwaka 1862, mzungu wa kwanza kufika huku, alikuta watu wanavuta zamani. Ikulu ya Kabaka Mutesa ilikuwa Banda, pale taksi zinapopita kwenda Jinja. Alienda pia kumsalimu Namasole, mama wa Kabaka, aliyeitwa Muganzirwazza. Katika kitabu chake cha safari, Speke anaeleza kwamba mama huyo alionja pombe, akampa na yeye, kisha akavuta kiko chake na kumwambia mgeni avute cha kwake. Basi, jamani! Mama wa mfalme, mbele ya wakuu wake, amemkaribisha mgeni kwa kiko. Nani alimwambia ni aibu?

Hapo nikamkumbuka koko. Kule kwetu Kivu ya Kusini, mgeni hakuondoka kwake kabla kiko hakijawashwa. Alikuwa akikinunua kwa wafinyanzi wa Kitwa, akilipa kwa maharage. Siku ya kukimbia tulibeba sufuria, godoro na watoto. Kiko kilibaki kimechomekwa ukutani. Koko mwenyewe hakufika mpakani.

Kwa hiyo mama alifinyanga kwa kukumbuka tu. Alichota udongo bondeni, akatoa mawe na mizizi, akaukanda na mchanga laini. Alifinya kichwa kama kikombe kidogo, unene sawa kila upande, akatoboa tundu kwa kijiti udongo ungali mbichi. Siku tano kivulini, halafu moto wa nyasi na vipande vya mbao. Cha kwanza kilipasuka, hakikuwa kimekauka vizuri. Cha pili, ukikigonga kwa ukucha, kinalia kama sahani. Akatia mrija wa tete, akakaa kimya muda mrefu.

Siwaambii mvute. Moshi wa kiko unaua kama wa sigara, na sheria ya tumbaku ya Uganda ya 2015 inakataza kuvuta mahali pa umma na kumuuzia aliye chini ya miaka 21. Mama huvuta Jumapili jioni tu, mbali na watoto. Ninachosema ni hiki: tumepoteza vingi njiani, tusiongeze kwa kuita aibu kitu ambacho mama zetu walikishika kwa heshima.

Wiki iliyopita mmoja wa wale vijana alirudi. Aliuliza udongo unachotwa wapi. Mama akamsogezea kigoda.