Daftari la Mwaka 1871

Wapenzi wa ushairi wanalijua jambo moja ambalo wageni wa lugha yetu huchelewa kulitambua: kiambishi cha Kiswahili hakimfichui mtu. Malenga akiimba kwamba mpenzi amekuja, msikilizaji hajui bado kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Kihindi na Kiurdu havina siri hiyo. Huko mtu akisema tu kwamba anakwenda, kitenzi chenyewe humtaja msemaji kwa jinsia yake.

Miongoni mwa wasemaji wa lugha hizo wamo tangu zamani watu waitwao hijra, neno ambalo tusilichanganye na Hijra ya Mtume. Wengi wao walihesabiwa wavulana walipozaliwa, na baadhi ni huntha. Nao huchukua jina la kike, vazi la kike na vitenzi vya kike. Huishi pamoja chini ya mlezi aitwaye guru, na wanafunzi wake huitwa chela. Kazi yao ya asili ni sanaa: mtoto akizaliwa, au arusi ikifanyika, huja kuimba, kucheza, kupiga makofi na kuomba kheri, kisha wakatuzwa. Hawakukosa kudharauliwa, lakini walikuwa na mahali pao.

Mahali hapo palivunjwa kwa kalamu. Mwaka 1871 serikali ya Kiingereza nchini India ilitunga Sheria ya Makabila ya Wahalifu. Sehemu yake ya pili iliwalenga watu hao, ikiwaita matowashi. Maofisa waliamriwa kuweka daftari la majina na makazi ya walioshukiwa kuiba au kuhasi watoto, au kuvunja kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu. Tuhuma ilitosha. Aliyekwisha kuandikwa, akionekana hadharani amejipamba kike, au akicheza mbele za watu, aliweza kukamatwa bila ya hati na kufungwa hadi miaka miwili. Hakuweza kuandika wasia, kutoa hiba wala kuasili mtoto. Wimbo wa arusi, ambao sisi watu wa pwani twaujua thamani yake, uligeuzwa ushahidi wa jinai.

Huku kwetu twaambiwa mara kwa mara kwamba watu wa namna hii ni jambo lililoletwa na meli. Kilicholetwa na meli ni kitabu cha sheria. Mwaka 1897 Kanuni ile ile ya Adhabu ya India, pamoja na kifungu chake cha 377, ilianza kutumika katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki, kama vile rupia ilivyotumika sokoni. Rupia iliondoka, fikra ya kifungu kile ikahamia katika kanuni mpya ya Kenya ya mwaka 1930. Sisemi kwamba kabla ya hapo kila mtu aliheshimiwa. Nasema kwamba kumcheka mtu barazani na kumtia gerezani ni mambo mawili.

Tarehe 15 Aprili 2014 Mahakama ya Juu ya India iliwatambua hijra kuwa jinsia ya tatu, na ikatamka kwamba kila mtu ana haki ya kuitaja jinsia yake mwenyewe. Furaha haikudumu bila ya doa. Sheria ya mwaka 2019 iliwataka waombe cheti kwa hakimu wa wilaya, na wengi wakaipinga. Maana wanajua, kuliko watu wengine, yanayoweza kufanywa na daftari la serikali.

Mwaka huo huo wa 2014, mwezi wa Oktoba, Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitoa hukumu katika kesi ya Audrey Mbugua. Alikuwa amefaulu vizuri mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001, lakini cheti chake kilikuwa na jina la kiume alilolikwisha kuliacha. Mwanamke mbele ya mwajiri, mwanamume katika karatasi: elimu yake ikawa kama si yake. Mahakama iliamuru apewe cheti kipya chenye jina lake, pasipo alama ya jinsia.

Cheti cha namna hiyo kinafanana na kiambishi chetu. Chasema amefaulu, na hakisemi zaidi.