David Blackwell: mwanahisabati aliyekataliwa Berkeley, kisha akaongoza

Katika historia ya hisabati nchini Marekani, David Blackwell ana nafasi ya pekee: chuo kilichomnyima kazi kwa sababu ya rangi yake ndicho kilichokuja kumkabidhi uongozi wa idara.

Blackwell alizaliwa Aprili 24, 1919, mjini Centralia, jimbo la Illinois, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Illinois akiwa na miaka 16, akikusudia kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1941, akiwa na miaka 22, alikwishapata shahada ya udaktari.

Mwaka 1942 mtakwimu Jerzy Neyman alimfanyia usaili kwa niaba ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na akaridhika naye. Hata hivyo ubaguzi wa rangi uliizuia ajira hiyo. Blackwell aliandika barua kwa vyuo zaidi ya 100, vyote vya Wamarekani weusi, kwani hakutarajia kupokelewa kwingineko. Baada ya kufundisha Louisiana na Georgia, alihamia Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1944.

Akiwa Howard alichapisha, mwaka 1947, kanuni inayobeba jina lake pamoja na la Mhindi C. R. Rao, aliyeifikia kwa njia yake mwaka 1945. Kanuni hiyo yaonyesha jinsi kadirio hafifu linavyoweza kuboreshwa kwa kutumia ipasavyo habari zote zilizomo katika takwimu. Alichunguza pia pambano la watu wawili wenye bastola, kila mmoja na risasi moja: afyatuaye mapema huenda akakosa shabaha, naye anayesubiri huenda akauawa. Je, wakati ufaao ni upi?

Berkeley ilimwita mwaka 1954, na mwaka uliofuata akawa profesa kamili. Baadaye aliongoza idara ya takwimu, na mwaka 1965 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi. Alistaafu mwaka 1988.

Blackwell alifariki dunia Julai 8, 2010, akiwa na miaka 91. Nishani ya Taifa ya Sayansi alitunukiwa mwaka 2014, naye hayupo tena kuipokea. Kwa miaka 12 Berkeley ilijinyima mwalimu huyo. Wanafunzi wa vyuo vya weusi ndio waliofaidika naye.