Kompyuta inayokula umeme kidogo: historia yake na faida kwa familia zilizohama

Maji ya ziwa Kivu yanazungusha mashine za Ruzizi ya kwanza tangu mwisho wa miaka ya 1950. Hata hivyo, wakaaji wa Kadutu, Bagira na Ibanda wamezoea kulala gizani. Katika mji kama Bukavu, swali la kwanza juu ya kompyuta ni hili: inakula umeme kiasi gani?

Mwaka 1985, kampuni ya Acorn ya mji wa Cambridge, Uingereza, ilitengeneza chipu yake yenyewe, ARM. Sophie Wilson alipanga amri zake, Steve Furber akaichora. Tarehe 26 Aprili ilijaribiwa ikafanya kazi. Furber alipopima umeme wake, kipimo kilionyesha sifuri. Kumbe waya wake wa umeme haukuunganishwa: chipu ilikuwa inaishi kwa umeme mdogo uliovuja kutoka nyaya zingine.

Lakini chipu bila mfumo endeshi ni kama redio bila kituo. Mfumo Unix ulizaliwa Marekani mwaka 1969. Acorn iliuingiza katika kompyuta yake ya mezani R140, mwaka 1989, kwa bei ambayo familia ya kawaida haikuweza. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa Linux, mfumo unaofanana na Unix, ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia na kuunakili bure. Miaka michache baadaye Mwingereza Russell King aliuhamishia kwenye chipu za ARM.

Tarehe 29 Februari 2012 ikatoka Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama kiganja, kwa dolari 35. Mwaka 2020 ikaja Pi 400, ambayo kompyuta nzima imo ndani ya kibodi. Chaja yake ni ya wati 15 tu, hivyo betri na paneli ya jua vinaweza kuitosha. Programu ya Kiwix inaweka humo Wikipedia, ya Kifaransa ao ya Kiswahili, na inasomwa bila intaneti.

Kwa familia zilizohama tangu vita kufika Bukavu Februari 2025, na watoto waliokatiwa masomo, jambo hilo si dogo. Lakini dolari 35 ilikuwa bei ya mwaka 2012. Safari, ushuru, skrini na betri vinaongeza gharama. Tena, umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika; ni lazima kuizima vizuri betri ikikaribia kuisha.

Koltani ya Kivu inatoa tantali, madini yanayotumiwa ndani ya simu na kompyuta duniani kote. Inashuka milima ya Kalehe katika mifuko, mgongoni mwa wachimbaji. Mtoto wa Kalehe aliyekimbilia Bukavu anastahili walau kuketi mbele ya mashine moja.