Kamba Ambayo Haikatiki

Najua mtaniuliza. Mtu wa Ikonge, Nyamira, huku kwa majani chai na mvua ya kila alasiri, nyangumi anamhusu nini? Samaki wetu sisi ni omena na mbuta, na wanafika sokoni kwa gari kutoka Ziwa Victoria. Bahari wengi wetu tumeiona kwa simu.

Lakini hii stori ya nyangumi kunaswa kwenye mitego ya wavuvi, ukiifuata hadi mwanzo wake, haianzi na nyangumi. Inaanza na kamba. Na historia ya kamba, wasee, inatuhusu kabisa.

Kwanza mjue hivi. Kila mwaka, hasa kati ya Julai na Septemba, nyangumi wa nundu wanapita pwani ya Kenya. Wanatoka maji ya baridi kule karibu na Antaktika, wanapanda kupitia Afrika Kusini na Msumbiji, wanafika huku kwenye joto kuzaa na kunyonyesha. Ni wakati uleule nyumbu wanavuka mto kule Mara. Msafara mmoja unaonyeshwa kwa runinga dunia nzima. Ule mwingine unapita mbele ya Watamu na Wakenya wengi hawajui hata upo.

Safari ndefu hivyo ina kamba nyingi njiani.

Mtego wa kaa au wa kambamti ni kitu rahisi. Kasha linazamishwa hadi chini likiwa na chambo ndani. Kutoka kwa kasha, kamba inapanda wima hadi juu na kufungwa kwa boya, ndio mvuvi akirudi ajue pa kuvuta. Wenye biashara kubwa huunganisha makasha mengi kwa kamba moja ndefu inayopita chini. Sasa chukua maelfu ya hizo kamba uziweke mahali nyangumi anakula. Ni kama mtu kukimbia usiku kwa ploti iliyojaa kamba za kuanikia nguo. Nyangumi anaogelea mdomo wazi, kamba inaingia, anashtuka, anajizungusha ajitoe, na kule kujizungusha ndiko kunamfunga pezi, kisha mkia. Wengine wanakufa hapohapo kwa kukosa hewa, maana nyangumi anapumua hewa kama wewe na mimi. Wengine wanang'oa kila kitu na kuondoka nacho. Wanakiburuta miezi na miezi, kamba inakata nyama polepole, mpaka njaa na vidonda viwamalize.

(Kiswahili nacho kina utani wake. Kamba ya kufungia na kamba wa kuliwa, neno ni moja.)

Sasa turudi nyuma. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kamba ya mvuvi ilitoka kwa mmea. Mimea miwili ndiyo ilikuwa na jina kubwa, manila na mkonge. Manila ilitoka Ufilipino, kwa mmea unaoitwa abaka, na abaka ni ndugu wa damu wa mgomba. Ndiyo, mgomba. Sisi Wagusii tunaojiona wenye ndizi wa Kenya nzima hatukuwahi kuambiwa kwamba kuna ndizi iliyokuwa ikivuta meli.

Mkonge nao asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893, Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida iletwe koloni la Wajerumani ambalo baadaye likaitwa Tanganyika. Ilipofika Tanga, miche iliyokuwa hai ni 62 tu. Kutoka kwa hiyo 62 yalikuja mashamba ambayo hayaishi kwa macho. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942 na manila ikakatika, mkonge wa Afrika Mashariki ukawa mali ya vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, namba moja duniani. Kenya pia ilipanda, na mpaka leo ukipita Vipingo, Kilifi, utaona mistari ya mkonge na bahari iko hapo tu. Ikonge yetu, kwa wale mnaopenda kuuliza, si shamba la mkonge.

Mkonge una tabia moja ambayo mfanyabiashara aliichukia: unaoza. Ukae majini miezi kadhaa, unachoka. Kwa mvuvi hiyo ni hasara. Kwa nyangumi ni mlango wa kutokea.

Mlango huo ulifungwa maabarani. Nailoni ilitengenezwa na kampuni ya DuPont mwaka 1935. Mwaka 1954 Mwitaliano Giulio Natta akapata polipropilini, plastiki ambayo sasa iko kwa kila gunia na kila kamba ya rangi ya bluu unayoijua, na mwaka 1963 akashinda Nobeli pamoja na Karl Ziegler. Kamba hizo ni nyepesi, haziozi, na bei yake ni rahisi. Mkonge ukaanguka vibaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa chini ya tani 30,000. Watu wa Tanga wanaikumbuka hii kama hadithi ya mashamba kugeuka msitu na vibarua kukosa kazi. Baharini hadithi ni ileile, ila msiba ni wa mwingine.

Na angalia utani wa historia: hiyo kamba ya plastiki, sisi Kenya tunaiita manila.

Magokoro wangu hapendi manila kwa ndama. Ng'ombe mkubwa sawa, lakini ndama anazunguka kigingi usiku kucha, kamba inashika mguu, na ile ya manila haikatiki hata kidogo, ngozi ndiyo inakatika. Ya mkonge, ndama akivuta kwa nguvu kweli, inaachia. Atatafutwa kwa majani chai ya jirani, lakini atapatikana na miguu minne. Hajasoma kitabu chochote kuhusu nyangumi, ila hoja yake ndiyo ileile ambayo wanasayansi wa Marekani walichapisha mwaka 2016.

Walichofanya ni kuchukua kamba zilizotolewa kwenye miili ya nyangumi walionaswa na kupima nguvu zake. Wakaona kamba zimekuwa imara zaidi na zaidi, na majeraha yamekuwa mabaya pamoja nazo. Hesabu yao ikawa hivi: kama kamba zingekuwa zinakatika kwa mvuto wa takriban kilo 770, kunaswa kunakohatarisha maisha kungepungua kwa angalau asilimia 72. Nyangumi waliowafikiria zaidi ni wale wa Atlantiki Kaskazini ambao wawindaji wa zamani waliwapa jina la nyangumi "sahihi", yaani sahihi wa kuuawa, kwa sababu wako polepole na wakifa wanaelea. Wamebaki chini ya 400. Zaidi ya 8 kati ya kila 10 wana makovu ya kamba.

Msidhani ni mambo ya wazungu peke yao. Mwaka 2019, kwenye Ghuba ya False Bay pale Cape Town, uvuvi wa pweza kwa mitego ulinasa nyangumi watatu ndani ya wiki chache za Juni. Wawili walikufa. Picha zikasambaa, watu wakawaka, na tarehe 28 Juni waziri Barbara Creecy akasimamisha uvuvi huo kwenye ghuba yote. Mtandaoni kila mtu alisherehekea kana kwamba stori imeisha. Haikuwa imeisha, kwa sababu kuna watu walikuwa wanakula kutokana na hao pweza. Novemba mwaka huohuo uvuvi ulifunguliwa tena, lakini kwa masharti. Kamba za chini ziwe za kuzama badala ya kuelea, na maboya yashikwe chini na kifaa cha muda. Hiki kifaa ni cha ajabu kidogo. Ni kipande cha chuma kinacholiwa na maji ya chumvi kwa kipimo. Muda ukifika kinakatika, boya linapanda, mvuvi anavuta mitego yake. Siku zote za katikati, maji ya juu hayana kamba.

Yaani wametengeneza kitu ambacho kazi yake ni kuoza kwa wakati. Mkonge ulikuwa unafanya hivyo bure.

Mtu ninayempenda zaidi kwenye historia hii yote ni profesa wa Kanada, Jon Lien. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kule Newfoundland, nyangumi wa nundu walianza kuingia kwa wingi kwenye mitego mikubwa ya nyavu iliyotegwa karibu na ufuo. Mvuvi alikuwa anaweza kupoteza mtego wa thamani ya msimu mzima kwa asubuhi moja. Wengine walichukua bunduki, na mimi siwashangai. Lien hakuja na hotuba. Alikuja na kamashua kadogo na kisu, na alichowaambia wavuvi ni kwamba atamtoa nyangumi na pia ataokoa mtego. Ndio maana walimpigia simu. Kwa miaka yake aliwafungua zaidi ya nyangumi 500, na akabuni vifaa vya kutoa sauti vinavyofungwa kwenye nyavu ili nyangumi azisikie kabla hajazigonga.

Kazi hiyo si mchezo. Julai 2017 mvuvi mwingine wa Kanada, Joe Howlett, alimaliza kumfungua nyangumi, kisha nyangumi huyohuyo akampiga na kumuua. Mwaka huo walikufa nyangumi 17 wa ile jamii iliyobaki wachache. Kutegemea watu wenye visu si mpango. Ni huduma ya kwanza.

Wamarekani wamejaribu mpango tangu 1997. Mwaka 2009 walilazimisha kamba za chini ziwe za kuzama. Mwaka 2022 zikaingia sheria za kamba zenye viungo dhaifu. Wavuvi wa kambamti wa Maine wakasema tunaonewa, na Desemba 2022 bunge lao likazuia sheria mpya mpaka mwisho wa 2028. Unaweza kuwatukana wanasiasa, lakini mimi naona kosa moja la wazi: mvuvi alitakiwa abadilishe kila kitu, na gharama kubwa ikaangukia mfuko wake. Lien angewaambia hilo mapema.

Kwetu je? Malema ya pwani yetu, ile mitego ya kufuma inayotegwa kwenye miamba, si tatizo kubwa. Ni madogo, yako ndani ya kina kifupi. Tatizo letu ni nyavu, hasa jarife na zile zinazoachwa zielee usiku. Nguva wa Lamu, ambao wazee wa huko wanawakumbuka vizuri, wamebaki wachache mno, na nyavu zina sehemu kubwa ya lawama. Unguja, watafiti Omar Amir, Per Berggren na Narriman Jiddawi walichapisha mwaka 2002 kuhusu pomboo wanaokufa kwenye nyavu za jarife, na baadaye vile vifaa vya sauti vikajaribiwa kule pia.

Ukitaka kuona mwisho wa njia hii, angalia Oman. Kuna nyangumi wa nundu kule ambao hawahami kama wetu, wanakaa Bahari ya Arabia mwaka mzima. Novemba 1966 meli za Kisovieti ziliua 242 kati ya hao kwa siri, na ukweli ukajulikana miaka mingi baadaye. Watafiti walipokuja kuhesabu upande wa Oman, makadirio yalikuwa 82. Si elfu 82. Themanini na wawili, idadi ya abiria wa basi moja na matatu mbili, na wanaendelea kuogelea katikati ya nyavu.

Nyangumi wanaofika kwetu bado ni wengi kuliko hao, kwa hivyo tuna nafasi ambayo Oman haina. Serikali imetuimbia uchumi wa buluu tangu ule mkutano mkubwa wa Nairobi wa Novemba 2018. Sawa, boti kubwa zije, mitego mikubwa ije, vijana wapate kazi. Lakini leseni ikiandikwa, kamba iandikwe ndani yake: kamba ya kuzama, kiungo kinachokatika, na nani analipia. Kwa mvuvi mdogo wa Gazi au Kipini, jibu la hilo swali la mwisho lisiwe yeye.

Na mkonge haujafa. Sehemu kadhaa za Amerika Kaskazini, sheria inataka mtego wa kaa uwe na dirisha lililofungwa kwa uzi wa asili unaooza, ili mtego ukipotea walio ndani watoke. Wengine wanatumia pamba, wengine mkonge. Kiungo kama hicho, kipande kifupi cha mkonge kati ya jarife na boya lake, kinachobadilishwa kila msimu kabla ya Julai, kingegharimu pesa ngapi? Vipingo na Watamu ziko kaunti moja. Mkonge unatoka upande mmoja wa barabara na nyangumi wanapita upande wa pili. Kama kuna kikundi cha wavuvi cha ufuo wowote ambacho kimeshajaribu kitu hiki, naomba mniunganishe nao. Nitapanda basi la usiku kutoka Kisii, na nitabeba ndizi.