Njia ya Mzunguko Kutoka Kitale Hadi Bungoma

Chukua ramani ya Kenya, msomaji, uikunjue mezani mbele yako. Utafute Mlima Elgon katika mpaka wa magharibi. Upande wake wa mashariki utauona mji wa Kitale, katika nchi ya Trans Nzoia, na upande wa kusini utauona mji wa Bungoma. Ukiweka rula kati ya miji hiyo miwili utapata kilomita kama 70 hivi. Sasa ifuate reli kwa kidole chako. Reli itokayo Kitale haielekei Bungoma hata kidogo. Yashuka kusini-mashariki, yapita Moi's Bridge, yafika Leseru karibu na Eldoret, na hapo ndipo inapokutana na reli kubwa iendayo Uganda. Gunia la mahindi lililopakiwa katika garimoshi Kitale ili liende Bungoma lingelazimika kwanza kuiacha Bungoma mkono wa kulia, lifike Leseru, ligeuzwe, lipite Turbo na Webuye, ndipo hatimaye lishushwe lilikokusudiwa.

Je, waliojenga reli hiyo hawakuwa na ramani? Walikuwa nayo. Tawi la Kitale lilifunguliwa mwaka wa 1926, na reli kubwa ikafika Kampala mwaka wa 1931. Lakini wajenzi hawakutumwa kuunganisha Kitale na Bungoma. Walitumwa kuyafikisha mazao ya mashamba ya walowezi katika bandari ya Mombasa, na kwa haja hiyo njia yao ilikuwa njema. Imekuwa ya mzunguko kwa yule tu anayeitaka ifanye kazi ambayo haikujengewa. Lishike neno hili, kwa maana litatufaa tutakapofika mbele.

Miaka karibu sabini baadaye, nchi yetu ilipata njia nyingine, isiyoonekana kwa macho, nayo ilikuwa na mzunguko mkubwa kupita ule wa reli. Nayo ni intaneti. Katika miaka ya mwisho ya karne ya ishirini, Kenya haikuwa na waya wa kisasa chini ya bahari wa kuiunganisha na ulimwengu. Habari zilirushwa angani kwa mitambo ya ardhini, kama ile ya Longonot iliyofunguliwa mwaka wa 1970, zikapokewa na setilaiti, zikateremshwa ng'ambo. Kampuni zilizouza huduma ya intaneti hapa nchini hazikuwa na mahali pa kukutanisha nyaya zao. Zilikutana ng'ambo tu. Kwa hiyo mtu wa Kitale, mteja wa kampuni moja, akimpelekea barua mtu wa Bungoma, mteja wa kampuni nyingine, barua hiyo iliweza kuruka hadi Ulaya au Marekani, kisha iruke tena kurudi Kenya.

Tufanye hesabu pamoja. Setilaiti za namna hiyo hukaa kilomita kama 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, basi safari moja ya kupanda na kushuka huchukua karibu robo ya sekunde. Barua yetu ilipanda na kushuka mara mbili ili ifike Bungoma, na jibu lake lilipanda na kushuka mara mbili ili lirudi Kitale. Jumla ni sekunde nzima, kabla hatujahesabu foleni za njiani. Huenda ukasema kuwa sekunde moja si kitu. Lakini kompyuta hazisemezani mara moja tu. Huulizana na kujibiana mara nyingi ili kuleta ukurasa mmoja, na kila swali lilidai sekunde yake.

Watu wa wakati ule walilalamika sana, na kila mmoja alikuwa na wa kumlaumu. Wako waliolaumu kompyuta zao kuukuu, wako waliolaumu simu za vijijini, na wako waliosema kwamba Afrika ndivyo ilivyo. Lakini wahandisi wachache waliuliza swali lililo sahihi, nalo ni hili: muda huu unapotea wapi hasa? Walipopima walikuta kwamba sehemu kubwa ya mawasiliano yaliyokuwa yakisafirishwa ng'ambo kwa gharama kubwa yalikuwa ni ya Mkenya na Mkenya mwenziwe. Basi chama cha watoa huduma, TESPOK, kikaanzisha jijini Nairobi kituo cha kubadilishana mawasiliano, kiitwacho KIXP. Kilikuwa ni mahali ambapo kampuni ziliweza kuunganisha nyaya zao. Kilifunguliwa Novemba mwaka wa 2000.

Hakikudumu. Kampuni ya Telkom Kenya, iliyokuwa wakati huo na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kwenda nchi za nje, ililalamika kwamba kituo hicho chavunja haki yake. Tume ya Mawasiliano, CCK, ikaagiza kifungwe, nacho kikafungwa baada ya majuma machache tu. TESPOK ilishikilia hoja yake kwamba mawasiliano yanayotoka Kenya na kuishia Kenya si ya nchi za nje. Mabishano yakaendelea kwa muda mrefu, na Februari mwaka wa 2002 kituo kikafunguliwa tena kwa kibali. Mara muda wa safari ukashuka kutoka zaidi ya sekunde moja hadi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Barua ya Kitale bado ilipita Nairobi ili ifike Bungoma, kama gunia lipitavyo Leseru, lakini haikutoka tena nchini.

Tazama jambo hili kwa makini. Mtu wa Kitale hakununua kompyuta mpya, na mtu wa Bungoma hakubadili simu. Lililobadilika ni njia, na njia isingalibadilika lau hapangekuwa na watu waliopima kabla ya kulaumu.

Mwaka wa 2009 nyaya mbili za chini ya bahari zilifika Mombasa: TEAMS, itokayo Fujairah katika Falme za Kiarabu, na SEACOM. Ya tatu, EASSy, ikafuata mwaka wa 2010. Habari za ng'ambo nazo zikaacha kupanda angani. Wengi walidhani kwamba kungoja kumekwisha. Lakini kurasa nyingi ziliendelea kukawia, maana kuna ukawiaji wa namna ya pili ambao hauko njiani. Uko ndani ya nyumba ambamo ukurasa unatayarishwa. Ili kuuelewa, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Tim Berners-Lee alipobuni mtandao wa kurasa katika kituo cha CERN, karibu na Geneva, na kuufungua kwa watu wa nje mwaka wa 1991, ukurasa ulikuwa ni maandishi yaliyokwisha kuandikwa na kuwekwa tayari. Mgeni alipouomba alipewa, kama mtu anunuaye andazi lililo kwenye sinia. Lakini kuandika kila ukurasa kwa mkono kulikuwa na taabu. Kwa hiyo zikatungwa programu za kusimamia maandishi ya tovuti: Drupal mwaka wa 2001, WordPress mwaka wa 2003, na Joomla mwaka wa 2005. Programu hizi huyaweka maneno katika hifadhidata, na mgeni anapokuja huyatoa, huyapanga na kuupika ukurasa papo hapo. Sasa andazi halipo kwenye sinia. Lakandwa unapoagiza. Ili wageni wasingoje, mafundi waliongeza ghala la muda: ukurasa uliokwisha kupikwa huwekwa humo, na mgeni afuataye hupewa ule ule.

Programu hizi hutolewa matoleo mapya mara kwa mara, wala mwenye tovuti hawezi kuyapuuza. Oktoba mwaka wa 2014 lilitangazwa tundu la hatari katika Drupal ya saba. Baadaye mwezi ule ule wasimamizi wake walionya kwamba tovuti yoyote ambayo haikuzibwa katika muda wa saa saba tangu tangazo lile ihesabiwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Kwa hiyo anayekataa toleo jipya kwa kuogopa ukawiaji aweza kupoteza nyumba nzima.

Sasa tuseme, kwa mfano, kwamba iko shule moja mjini Kitale yenye tovuti yake. Siku ya Jumamosi programu yake yapandishwa toleo. Siku ya Jumatatu mzazi aliyeko Bungoma ataka kusoma tarehe ya kufungua shule na kiasi cha karo. Hapo awali alikuwa akingoja sekunde mbili. Leo angoja sekunde kumi na moja, anakata tamaa, anafunga simu. Shuleni shauri linafanyika. Karani asema mtandao wa Bungoma ni mbovu. Mhasibu asema inunuliwe seva kubwa zaidi. Mwalimu mmoja asema kijana aliyepandisha toleo ndiye aliyeiharibu tovuti, na toleo la zamani lirudishwe. Kila mmoja ana jibu, wala hakuna hata mmoja aliyepima.

Wewe, msomaji, ungefanya nini? Mimi ningekushauri ufanye kama wale wahandisi wa Nairobi: uifuate safari kituo kwa kituo. Kwanza fungua ukurasa ukiwa Kitale, kisha mwenzako aufungue akiwa Bungoma, na mwingine Nairobi. Ikiwa wote wangoja sawasawa, mtandao wa Bungoma hauna hatia. Kisha omba kutoka seva hiyo hiyo picha moja isiyohitaji kupikwa. Ikiwa yafika upesi, njia ni nzima na ucheleweshaji uko jikoni. Kwa vipimo viwili tu umewaondolea lawama watu wengi.

Ukiisha kuingia jikoni, litazame ghala la muda. Baada ya kupandishwa toleo ghala huwa tupu, na mgeni wa kwanza hungoja kwa haki. Lakini ikiwa wa pili na wa kumi nao wangoja, huenda ghala lilizimwa wakati wa kazi, wala halikuwashwa tena. Kisha vitazame viongezo, yaani zile programu ndogo zilizobandikwa kwenye ile kubwa. Tengeneza nakala ya tovuti kando, uzime kiongezo kimoja, upime. Ukiwashe, uzime kingine, upime. Kisha uitazame hifadhidata, kama ina faharasa zake, maana kutafuta jina moja katika daftari la majina elfu kumi yasiyopangwa ni kusoma daftari zima. Tena utazame lugha inayoendesha programu yenyewe. PHP ya saba, iliyotolewa Desemba mwaka wa 2015, iliweza kupika kurasa karibu mara mbili kwa wepesi kuliko ile iliyoitangulia, na tovuti nyingi zilikaa miaka kadhaa bila kuihamia. Katika yote haya shika sharti moja: badili jambo moja kwa wakati mmoja, na uandike katika daftari ulilobadili na ulichopima. Ukibadili matatu pamoja na ukurasa ukapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Na ukizidi kuugua, hutajua sumu ilikuwa ipi.

Tuseme tena kwamba katika mfano wetu ilionekana hivi: kiongezo cha kuhesabu wageni, kilichobandikwa miaka minne nyuma, kilikuwa kikisoma orodha yote ya wageni tangu mwanzo kila ukurasa ulipopikwa. Orodha ilikuwa fupi zamani, na sasa ni ndefu mno. Ghala la muda lilikuwa likiificha aibu hiyo, maana kurasa zilipikwa mara chache. Lilipozimwa wakati wa kupandisha toleo, kosa la miaka minne likadhihirika kwa siku moja. Yule kijana ana kosa dogo la kusahau kuliwasha ghala. Lakini sababu kubwa ilikuwamo ndani ya nyumba kabla hajaja, na wale waliotaka kununua seva kubwa wangelitumia fedha za shule kuifunika sababu hiyo kwa mwaka mmoja au miwili, kisha irudi.

Waweza kuniuliza, haya yana uhusiano gani na historia? Yana uhusiano mkubwa. Kosa la wale watu wa shule ni lile lile linalowanasa wanafunzi wengi wa historia: kudhani kwamba lililotokea kabla ya jambo ndilo lililolisababisha. Jumamosi ilitangulia Jumatatu, lakini kutangulia si kusababisha. Mtu wa historia huuliza jambo lilianza lini hasa, lilipita wapi, nani alilijenga na kwa haja gani. Ukiuliza hivyo juu ya reli ya Kitale, utawaona walowezi na bandari ya Mombasa. Ukiuliza hivyo juu ya barua iliyopitia ng'ambo, utaiona sheria iliyompa mmoja haki ya pekee. Na ukiuliza juu ya ukurasa unaokawia, utakiona kiongezo kilichosahauliwa.

Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu. Yule mzazi wa Bungoma amevumilia vya kutosha. Uvumilivu unaotakiwa hapa ni wa fundi, yaani wa kupima tena na tena kabla ya kunyosha kidole. Huenda siku moja utapewa wewe kazi ya namna hiyo, iwe ni tovuti ya shule, bomba la maji la kijiji au daftari la chama cha ushirika. Watakuja kwako wenye majibu mengi. Wasikilize kwa adabu, kisha uchukue kalamu na saa, uifuate safari tangu mwanzo wake hadi mwisho.