Okidi Isiyo na Ua

Wengi wetu huupenda mmea siku unapochanua. Maua yakidondoka twasema umekwisha. Hata hapa Kabanga nimeona okidi za chunguni, zilizoletwa kutoka mjini kwa ajili ya sherehe, zikitupwa shimoni zingali na mizizi mibichi. Jambo hili si geni, na historia yake ni ndefu.

Katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza waliwalipa watu kwenda kuchukua okidi katika misitu ya nchi za joto. Waliamini kuwa kila okidi hutaka joto kali na mvuke, wakazifungia katika nyumba za vioo zisizopitisha hewa. Zilikufa kwa wingi. Miaka ya 1830 Joseph Paxton, mkuu wa bustani za Chatsworth, aliingiza hewa, akapunguza joto, akaitunza kila okidi kwa kufuata hali ya hewa ya kwao. Nyingi zikaishi. Wenzake walitazama ua. Yeye aliuliza mmea umetoka wapi.

Nasi tunalo somo letu. Katika uwanda wa Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, okidi za ardhini hunyauka baada ya kuchanua, lakini chini hubaki kiazi chenye akiba ya msimu ujao. Viazi hivyo vimechimbwa na kuuzwa hadi Zambia, ambako hupikwa chikanda. Achimbaye kiazi huchukua na maua ya mwakani. Uwanda huo ukafanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, mimea yake ilindwe.

Okidi ya dukani mara nyingi asili yake ni misitu ya Asia, ambako huota juu ya miti, si udongoni. Basi maua yakiisha, iweke penye mwanga usio wa jua kali. Mizizi ya kijani ina maji; ikigeuka rangi ya fedha, mwagilia, kisha maji yachuruzike yote. Usiku wenye ubaridi, kama wa kwetu Ngara, huisaidia kutoa kikonyo kipya. Subiri, huchukua miezi.

Sisi walimu tulipigiwa makofi siku ya matokeo. Lakini mwanafunzi alikuwa amekua siku zile nyingine zote, ambazo hakuna mgeni aliyekuja kutazama.